Namna ya Kuwaonesha Watoto Grafiki Wasiione

Ndugu yangu fundi, barua imekufika. Ina muhuri wa shule, ina "Yah: Mwaliko", ina "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na mwisho wa yote inakuomba ufike Ijumaa saa nne asubuhi uzungumze na kidato cha kwanza na cha pili kuhusu usanifu wa grafiki kama kazi ya kuajiriwa na kujiajiri. Wamekuchagua wewe kwa sababu steshenari yako ndiyo inayotazamana na geti la shule, na kwa sababu daktari waliyemwandikia hakujibu. Hilo lisikuumize. Aliyekalia kiti ndiye mgeni.

Tuelewane mapema: hujaitwa kufundisha. Umeitwa kuonekana. Ukitoka pale watoto wamekustaajabia, walimu wamepiga picha na wewe, na hakuna aliyeelewa kazi yenyewe inafanywaje, umefaulu. Akielewa mmoja tu leo, mwenye miaka 13, kabla hajafikisha 20 atakuwa amekodi fremu upande wa pili wa barabara na bei yake itakuwa chini ya yako. Hapa kwetu Chato si Kariakoo. Wateja ndio hawa hawa wa stendi, wa mwaloni, wa hospitalini na wa halmashauri.

Fanya hivi.

1. Chelewa kidogo. Anayewahi anaonekana hana wateja. Ingia na simu sikioni, sema kwa sauti, "Nitumie kwenye imeili, naidizaini usiku," ndipo usalimie. Watoto wakisimama na kukuimbia shikamoo, itikia marahaba kwa uzito, halafu uwaache wasimame sekunde chache kabla ya kuwaruhusu kukaa. Umeshapata heshima ya nusu saa.

2. Anza na kompyuta, malizia na kompyuta. Hapa ndipo penye siri kubwa, kwa hiyo nikae nawe kidogo.

Beba laptopu. Kama shule ina projekta, iwashe. Kama umeme umekatika, usihuzunike: wageuzie kioo cha laptopu, safu ya mbele itaona na waliobaki wataamini. Fungua Photoshop, fungua na CorelDRAW, fungua madirisha mengi kadiri mashine itakavyovumilia. Gusa kitu kigeuke rangi. Chukua picha ya mwalimu wa zamu, ondoa ukuta nyuma yake, msimamishe mbele ya mnara wa Eiffel. Darasa litalipuka. Nusu ya kipindi imeisha na hujasema lolote.

Wape na historia, maana historia humfanya mtu aonekane amesoma. Illustrator ilitoka mwaka 1987, CorelDRAW 1989, Photoshop 1990. Taja miaka hiyo taratibu, ibaki vichwani mwao kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wanakaa tu.

Hatari iko dirishani. Mmoja wao akichungulia nje akamwona mama anapita na khanga, umekwisha. Khanga ndiyo adui yako mkubwa siku hiyo. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina chini ya mji: maneno machache, herufi kubwa, mahali pale pale kila siku. Aliyeipanga aliamua jicho lianzie wapi, litulie wapi, na liyasome yale maneno lini. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, miaka 100 kamili kabla ya hiyo Illustrator unayotamba nayo. Ukithubutu kuanzia kwenye khanga, kila mtoto atarudi nyumbani na kukuta kitabu cha kiada kimeanikwa kambani. Watajifundisha wenyewe, bure, na wewe hutakuwepo kupigiwa makofi.

Vivyo hivyo usimtaje Edward Saidi Tingatinga, yule mtu wa Tunduru aliyekuwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akichora ndege na wanyama kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya ubao. Alifariki mwaka 1972 na hadi leo mtindo wake unaitwa kwa jina lake. Mtoto akisikia kwamba mtu alifika pale kwa mabaki ya ubao na kopo la rangi, ataitazama laptopu yako kwa jicho lingine. Waache waamini kwamba bila mashine ya milioni na kitu hakuna kuanza. Wengi wao hawataanza.

3. Ukiulizwa faida ya kazi hii, jibu: kupendezesha. Jibu fupi, salama, na lina ukweli kidogo. Likisemwa kwa tabasamu hakuna atakayedadisi.

Usije ukateleza ukawasimulia uchaguzi wa mwaka 1965. Siku zile za chama kimoja, karibu kila jimbo la Bara liliweka wagombea wawili wa TANU, na wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo kila mgombea alipewa alama yake: mmoja jembe, mwingine nyumba. Michoro miwili tu, midogo, ya wino. Nchi ya wakulima ikaulizwa ichague kati ya jembe na nyumba. Mwenye jembe akawa anauliza jukwaani, bila mimi mtakula nini? Mwenye nyumba naye akawa anauliza, mkishalima mtalala wapi? Hadi leo ukimpata mzee aliyepiga kura siku hizo atakwambia jembe lilikuwa na bahati. Alama hizo zilitumika chaguzi nyingi zilizofuata, na ubishi juu yake haukuisha.

Unaona hatari yake? Mtoto wa kidato cha kwanza akisikia hadithi hiyo ataelewa papo hapo kwamba mchoro mdogo si pambo. Ataanza kutazama kila kitu kwa shaka: pakiti ya dawa, kalenda ya benki, hata zile taa za kuongozea magari zilizotuletea umaarufu hapa mjini. Atauliza kwa nini nyekundu iko juu. Atauliza na asiyezijua rangi afanyeje. Kipindi kitakuwa chake.

4. Nembo ya Taifa ikiwa ukutani, ipe mgongo.

Simama mbele yake kabisa, uizibe. Kwa sababu kuna mtoto atakayeuliza, "Mgeni, hiyo aliichora nani?" na swali hilo halina jibu fupi. Mwaka 2017 nchi nzima ilimjua Mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, mtu wa huku kwetu Kanda ya Ziwa, aliyesema yeye ndiye aliyeichora. Alikuwa akiishi Buguruni, Dar es Salaam, katika hali duni. Vyombo vya habari vikamwandika, akapelekwa Muhimbili, na mwezi Mei mwaka huo huo akafariki. Wapo waliotaja wachoraji wengine, na mjadala huo haujafungwa. Lakini hebu fikiria: nembo ipo kwenye pasipoti, ipo juu ya kila barua ya serikali, na ukimwuliza Mtanzania aliyeichora ni nani, anaanza kwa kukohoa.

Pia, ukiwaacha waisogelee wataanza kuisoma. Ngao, mkuki, jembe na shoka, mawimbi ya maji, mlima chini, mwanamume kwenye karafuu na mwanamke kwenye pamba. Pamba, mbele ya watoto ambao babu zao waliilima! Halafu sehemu ya dhahabu juu ya ngao, ambayo maana yake ni madini. Mwambie mtoto wa Geita kwamba dhahabu iliyo kwenye nembo ni madini ya nchi yake, uone kama hamtaingia kwenye maswali ambayo hata ofisa madini angeomba ajibu kwa maandishi.

Badala yake wape habari ya Nike. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Marekani, Carolyn Davidson, alichora ile alama ya kampuni hiyo kwa dola 35. Baadaye kampuni ikampa pete na hisa. Simulia hivyo hivyo, "baadaye", kwa haraka, ili wasikie hisa tu. Hisa zilikuja mwaka 1983. Ukiitaja miaka 12 katikati, mtoto mmoja mwenye akili atapiga hesabu ya kodi ya pango.

5. Zoezi. Mwalimu atalidai, huwezi kulikwepa. Waambie: "Choreni logo nzuri." Basi. Usiseme ya nani, itasomwa na nani, itakaa wapi. Watachora simba, nyota, na dunia yenye mabawa, watakuletea wakiuliza "hii nzuri?", na hakimu wa uzuri ni wewe peke yako. Sifu ya mtoto wa mwenyekiti wa bodi.

Usiwape kazi ya kweli hata kwa bahati mbaya. Kazi ya kweli inafungua macho. Chukua mnunuzi wa dhahabu wa Katoro au Buseresere anayetaka bango. Mtoto akipewa hiyo itabidi aulize: anayesoma ni nani? Ni mchimbaji mdogo aliyetoka duarani, amepakiwa bodaboda, mfukoni ana kipande alichokifunga kwenye karatasi, na hataki kuonekana anatazamatazama. Ana sekunde mbili. Kwa hiyo maneno yawe mangapi? Herufi ziwe na urefu gani? Mafundi wa mabango wana kipimo chao cha haraka: herufi ya sentimita 2.5 inasomeka vizuri ukiwa mita 3, basi ukitaka mita 30, herufi iwe sentimita 25. Hapo hapo utaona mahali pa kuweka picha ya tai na mlima wa sarafu hapapo tena. Na tangu Machi 2019, lilipozinduliwa soko la dhahabu la Geita, la kwanza nchini, mnunuzi halali anataka kionekane kibali chake, si noti zinazoruka. Noti zinazoruka ndizo zinazomtia mchimbaji wasiwasi.

Umeona? Dakika kumi, na mtoto ameshajua kwamba kazi huanza na mtu anayesoma, kisha umbali, kisha maneno, na mchoro ndio mwisho. Miaka yote wewe umekuwa ukianza na mchoro.

Mwingine angempelekea mama lishe wa stendi ubao wa bei unaofutika, kwa kuwa supu huisha saa nne na ubao wake bado unaitangaza saa nane. Mwingine angekwenda mwaloni kupanga upya jina na namba ya usajili ubavuni mwa mtumbwi, visomeke mtumbwi ukiwa umelowa. Hawa wangekuwa na kazi ya kuonesha Jumatatu. Simba na dunia zenye mabawa vitaishia kwenye kapu la mwalimu.

6. Rangi ziache. Ukibanwa, sema rangi ni kipaji.

Ukweli ni kwamba kioo cha kompyuta hutengeneza rangi zote kwa taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, na mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Taa inaweza kung'aa mahali wino hauwezi. Ndiyo maana bluu kali uliyomwonesha mteja kwenye kioo imetoka zambarau kwenye bango, na ndiyo maana mpaka leo unamwambia, "Ile mashine ya Mwanza ina shida." Hilo jibu limekulisha. Usilitoe sadaka kwa watoto wa kidato cha pili. Vilevile usiwaambie kwamba WhatsApp hupunguza ubora wa picha ili ipite upesi, na kwamba ile sura ya mgeni rasmi iliyotoka vigae vigae kwenye bango la mita tatu ingenusurika kama ingetumwa kwa njia ya dokumenti. Mteja asiyejua hilo analipia uchapaji mara mbili.

7. Hela. Macho yatawatoka hapo. Sema, "Kazi hii ina hela," nyamaza, funga laptopu polepole. Watoto watajaza wenyewe tarakimu.

Wasijue hela hiyo inapatikanaje. Wasijue kuhusu kamati ya harusi. Unaijua: wanakamati kumi na wawili, kundi moja la WhatsApp, kadi moja ya mchango. Katibu anataka maua, mweka hazina anataka namba ya simu ya kutumia michango iwe kubwa kuliko majina ya maharusi, shangazi wa bibi harusi anasema mpwa wake amefanywa mweusi. Mwenyekiti anasema anataka kitu simpo ila kiwe na kila kitu. Unabadilisha, unarudisha, unabadilisha. Saa sita usiku wanarudi kwenye ile ya kwanza kabisa na kusema, "Si unaona sasa? Ungetusikiliza tangu mwanzo." Hiyo ndiyo kazi. Fundi anayeishi mjini kwa kazi hii anaishi kwa kusikiliza, kwa kuuliza maswali matatu kabla ya kugusa kipanya, kwa kuandika idadi ya marekebisho kwenye karatasi na kupokea nusu ya malipo kabla ya kuanza. Mtoto akiyajua hayo ana miaka 14, atakuwa mtu wa ajabu sana atakapofika 20. Atakuwa analipwa.

Wala usiguse habari ya msimu wa kampeni. Kila miaka mitano kuna miezi miwili ambapo hata mwenye printa mbovu hulala saa nane usiku: fulana, kofia, vipeperushi, mabango ya sura. Kila mgombea anataka uso wake ukubwa wa mlango na hoja zake ukubwa wa kisoda. Umewapa. Watalipa "tukishinda". Bahati yako, huwa kuna aliyeshindwa kwa kila aliyeshinda, kwa hiyo nusu ya madeni yako unaijua mapema.

8. Wafundishe kunakili, ila usikuite kunakili. Kuite "kutafuta wazo". Waoneshe namna ya kuingia Google, kuandika "logo", kushusha inayopendeza, kufuta jina la mwenyewe, kuweka la mteja. Hiki ndicho kipengele pekee utakachokifundisha kwa ukamilifu, kwa hiyo kifanye kwa moyo.

Kama kuna mwalimu wa uraia nyuma ya darasa, punguza sauti. Huenda akaikumbuka Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, akaitaja COSOTA, akauliza kama kazi ya mtu ina mwenyewe. Mjibu kwamba COSOTA ni ya wanamuziki. Si kweli, sheria ile inalinda michoro pia, lakini wengi wanaamini hivyo na wewe hukuja kuwavunja moyo.

Canva ifiche. Ilianzishwa Australia, ikafunguliwa kwa watu mwaka 2013, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida, na shule hupewa toleo la elimu bure. Kadi zako za mwezi uliopita zote zimetoka mle. Tuko wawili tu hapa, tusidanganyane.

Na watauliza kuhusu akili mnemba. Watoto wa siku hizi hawakosi. Kwanza mtazame mkuu wa shule. Kama simu yake inatengeneza picha zenye mawingu na nukuu za asubuhi, sema akili mnemba ni mkombozi. Kama anaishika simu kwa vidole viwili, sema ni mwisho wa vipaji. Msimamo wako uwe imara hadi atakapotikisa kichwa.

9. Wakiuliza wasome wapi, sema "nje".

Nje panatosha. Hapana nauli, hapana jina la chuo, hapana fomu. Usiseme kwamba VETA ina chuo hapa hapa Chato na mtoto anaweza kuingia getini akauliza kozi zilizopo. Usiseme chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo, wala kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sanaa bunifu. Na kwa jina la Mungu usimkumbushe mwalimu wa taaluma kwamba mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imeleta mkondo wa amali, maana atakuuliza, "Basi wewe fundi, si uje mara moja kwa wiki?" Mara moja kwa wiki! Utajikuta unasahihisha madaftari.

10. Sasa tufike kwa yule msichana.

Yupo kila shule. Anakaa safu ya tatu, karibu na ukuta, hakucheka mwalimu alipowekwa Eiffel. Wakati wa zoezi hakuchora simba. Baada ya makofi na wimbo wa shule atakufuata na daftari la hesabu lililofunguliwa nyuma, atapiga goti kidogo, na atasema: "Shikamoo. Samahani mgeni, lile bango la duka lako, neno 'huduma' limeandikwa 'hudma'. Na namba ya simu imekaa nyuma ya nguzo ya umeme. Nimejaribu kulipanga upya."

Tulia. Usikasirike, walimu wanatazama. Lichukue daftari ulitazame kwa uso wa mtu anayetazama kitu cha kawaida. Utaona ameyapunguza maneno kutoka ishirini na mawili hadi matano. Utaona fotokopi imeandikwa kubwa kuliko jina lako, kwa sababu, atakueleza bila kuulizwa, wanaokuja wanatafuta fotokopi, hawakutafuti wewe. Utaona amesogeza namba kushoto na ameacha nafasi tupu kuizunguka. Ile nafasi tupu itakuuma. Wewe umelipa mita tatu za bango na ukazijaza zote.

Kuna njia mbili za kumaliza shauri hili. Ya wazembe ni kumwambia "hongera, soma kwanza sayansi" na kuondoka. Ni nzuri, imetumika miaka mingi na imeua vipaji vingi bila kelele, lakini inakuacha na bango lako bovu.

Ya wajanja ni kumwita dukani. Mwambie mbele ya mwalimu wake kwamba umeona kitu ndani yake na likizo ya Juni aje ajifunze kazi. Mwalimu atafurahi, mzazi atakushukuru, atakutumia na samaki. Akija, siku ya kwanza mpe ufagio. Ya pili mpe mashine ya laminesheni. Ya tatu muweke kwenye kompyuta "ajaribu tu" kadi ya kipaimara iliyokushinda tangu Jumapili, wewe ukae nyuma yake na soda, ukisema "mmh" kila baada ya dakika tano. Posho usiitaje. Mafunzo hayana posho. Akiuliza kitu usichokijua, mwambie atafika huko.

Ifikapo Oktoba mkuu wa shule atakuja mwenyewe dukani. Mahafali ya kidato cha nne yamekaribia, anataka bango, vyeti na kadi za mwaliko, na kwa kuwa wewe sasa ni rafiki wa shule, anataka kwa bei ya rafiki. Piga naye bei mpaka mchoke wote wawili. Kisha fungua faili la bango ambalo msichana aliliacha kwenye kompyuta yako mwezi wa sita, badilisha maneno, weka jina lako chini kulia, peleka. Atasema safari hii umejitahidi, bango linasomeka hadi barabarani. Pokea sifa kwa unyenyekevu.

Msichana mwenyewe akipita dukani na kuuliza kazi yake ilifikia wapi, mwambie bado iko kwenye marekebisho.